Vichujio vya nano vyajaribu kuchukua nafasi ya moto viwandani

Kwa zaidi ya karne moja, viwanda vya mafuta, dawa na kemikali vimetegemea moto ili kutenganisha vimiminiko vilivyochanganyika. Wanasayansi wa Ulaya na Marekani wametengeneza vichujio vyembamba mno vinavyoweza kufanya kazi hiyo bila kuchemsha chochote. Swali lililobaki ni kama vichujio hivyo vitastahimili maisha ya kiwandani.

Njia kongwe ya kutenganisha vimiminiko ni kukeneka. Mchanganyiko huchemshwa hadi sehemu moja igeuke mvuke, kisha mvuke huo hupozwa na kuwa kimiminiko tena. Ndivyo wafanyavyo watengenezaji wa maji ya waridi wa Jabal Akhdar nchini Oman, na ndivyo wafanyavyo wapika gongo na chang'aa. Viwanda vikubwa hufuata kanuni hiyo hiyo, ila kwa minara mirefu inayowaka usiku na mchana.

Gharama yake ni kubwa. Mwaka 2016, David Sholl na Ryan Lively wa chuo cha Georgia Tech waliandika katika jarida la Nature kwamba kutenganisha kemikali hutumia takriban nusu ya nishati ya viwanda vya Marekani, na asilimia 10 hadi 15 ya nishati yote ya nchi hiyo. Walikadiria kuwa kutumia vichujio badala ya kukeneka kunaweza kupunguza nishati hiyo kwa asilimia 90.

Viyeyushi ni nini?

Kinachozungumziwa hapa hasa ni viyeyushi, yaani vimiminiko vinavyoyeyusha vitu ambavyo maji hayawezi kuviyeyusha. Thina ya mafundi rangi ni mojawapo, na asetoni ya kuondolea rangi ya kucha ni nyingine. Katika utengenezaji wa dawa, viyeyushi huwa zaidi ya nusu ya uzito wa vitu vyote vinavyotumika. Dawa ikishapatikana, sharti kiyeyushi kiondolewe, na ikiwezekana kisafishwe kitumike tena.

Afrika Mashariki nayo inalifahamu tatizo hilo. Pareto hulimwa Kenya, Tanzania na Rwanda, na kiini chake kinachoua wadudu hutolewa katika maua makavu kwa kiyeyushi kiitwacho hekseni, ambacho baadaye huondolewa kwa kuvukizwa. Ugumu ni kwamba kiini chenyewe huharibika kwa joto. Dawa nyingi za hospitali zina udhaifu kama huo: moto unaoondoa kiyeyushi unaweza pia kuiharibu bidhaa.

Kifumbu kisichoonekana

Njia mbadala inafanana na kazi ya kifumbu cha kukamulia tui. Nazi iliyokunwa hutiwa ndani, hukamuliwa kwa nguvu, tui hupita na machicha hubaki. Hapana moto, kuna shinikizo tu na matundu yenye ukubwa unaofaa. Tofauti ni kwamba matundu ya vichujio hivi hupimwa kwa nanomita, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Kwa ukubwa huo, molekuli ndogo za kiyeyushi hupita, na molekuli kubwa za dawa au za mafuta huzuiliwa.

Kwa maji, jambo hili si geni. Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walifungua njia kuelekea mwaka 1960 walipotengeneza utando wa kuondoa chumvi katika maji ya bahari. Hivi leo wakaazi wengi wa nchi za Ghuba hunywa maji yaliyopita katika tando za aina hiyo.

Lakini utando wa maji ukitumbukizwa katika viyeyushi vikali, mara nyingi huvimba, hulainika, au huyeyuka kabisa. Kichujio huliwa na kile kinachopaswa kukichuja. Ilibidi zitafutwe plastiki ngumu zaidi, zikiwemo zile za jamii ya poliimidi. Mwaka 1998 kampuni ya Mobil ilianza kutumia tando za poliimidi katika kiwanda chake cha Beaumont, jimbo la Texas, ili kurejesha viyeyushi vinavyotumika kuondoa nta katika mafuta ya kulainishia mitambo. Kwa kuwa viyeyushi hivyo hurudi vikiwa baridi, kiwanda huokoa nishati ya kuvichemsha na pia ya kuvipoza upya.

Kasi au umakini

Hata hivyo tando za plastiki zina kasoro ya asili. Zikibana sana, huchuja vizuri lakini polepole. Zikilegea, hupitisha kwa kasi lakini huvujisha. Hapo ndipo vitu vya kipimo cha nano vinapoingia.

Njia ya kwanza ni kuchanganya ndani ya plastiki chembe zenye matundu yake zenyewe, ili kiyeyushi kipate vichochoro vya kupitia. Mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Zaragoza nchini Hispania na Imperial College London walitumia fuwele zilizojengwa kwa metali zilizoungwa na molekuli za kaboni. Utando usio na fuwele ulipitisha lita 1.7 za kiyeyushi kiitwacho tetrahaidrofurani kwa saa, katika kila mita ya mraba, kwa shinikizo la bari 1. Wenye fuwele ulipitisha lita 11.1, na bado ulizuia zaidi ya asilimia 90 ya molekuli zilizokusudiwa kuzuiliwa.

Njia ya pili ni kupunguza unene. Mwaka 2015, kundi la Andrew Livingston wa Imperial College lilitandaza nyuzi za nano, likajenga juu yake utando usiofikia nanomita 10, kisha likaziyeyusha nyuzi hizo. Kiyeyushi cha asetonitrili kilipita kwa kasi ya takriban mara 100 kuliko katika tando za sokoni zenye uwezo sawa wa kuzuia.

Njia ya tatu ni kupanga karatasi za oksidi ya grafini, ambazo unene wake ni wa atomu chache tu, moja juu ya nyingine. Mwaka 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester walipitisha wiski katika utando wa namna hiyo. Pombe ilitoka upande wa pili ikiwa nyeupe kama maji, rangi yake imebaki nyuma.

Mtihani uliosalia

Mafanikio ya maabara, hata hivyo, hayatoshi. Chembe za nano hupenda kushikamana na kuwa mabonge, na pembeni mwa kila bonge unaweza kubaki ufa. Kiwanda huhitaji maelfu ya mita za mraba za utando, na tundu moja lisiloonekana linaweza kuchafua kazi yote. Aidha, shinikizo la muda mrefu hugandamiza plastiki na kasi ikapungua. Kwa watengeneza dawa kuna hofu nyingine, kwamba chembe zikichomoka zinaweza kuingia katika dawa yenyewe.

Kuna pia kinaya. Tando nyingi zinazokusudiwa kupunguza madhara ya viyeyushi hutengenezwa kwa viyeyushi vyenye sumu. Kimojawapo, kijulikanacho kama DMF, kinaweza kudhuru ini na mtoto aliye tumboni, na Umoja wa Ulaya umewekea masharti matumizi yake tangu Desemba 2023. Kwa sababu hiyo, baadhi ya watafiti sasa wanatafuta namna ya kutengeneza tando kwa viyeyushi visivyo na madhara makubwa.

Kwa hiyo minara ya kukeneka haitarajiwi kuzimwa mara moja. Linaloelekea kutokea kwanza ni ushirikiano: kichujio kiondoe sehemu kubwa ya kiyeyushi, na moto umalizie kiasi kidogo kilichobaki. Hata nusu ya njia hiyo ingepunguza mafuta yanayochomwa, moshi unaotoka, na bidhaa zinazoharibiwa na joto. Kasi ya tando hizi imekwisha kuonekana. Linalosubiriwa ni utando utakaokaa kiwandani miezi na miaka, ukiogeshwa na viyeyushi kila siku, bila kubadilika.