Herufi za Kisanduku cha 12: Karatasi ya Mshahara ya Marekani na Haki ya Mjane

Kila mwajiri nchini Marekani hutakiwa kumpa mfanyakazi wake, ifikapo Januari 31, fomu iitwayo W-2, inayoeleza mshahara wa mwaka uliopita na kodi iliyokatwa. Katika nyumba nyingi za ndugu zetu waliohamia huko, baba huichukua, humpelekea mtayarishaji wa kodi, kisha huitia bahashani. Mama pengine hajapata kuiona. Ilhali kisanduku kimoja cha karatasi hiyo, cha 12, hubeba habari za mali ambayo mjane na mayatima huweza kuihitaji siku moja.

Kisanduku hicho hakina maelezo, bali herufi moja au mbili na kiasi cha dola mbele yake. Kimegawanywa mistari minne, 12a hadi 12d, na hapo wengi hujikwaa, kwani herufi ndogo ya mstari si herufi ya mafao. Aonaye 12d akadhani ni D amekosea. Ya kusomwa ni ile kubwa iliyochapwa ndani ya mstari, na maana yake imo katika maelekezo yanayoambatana na fomu.

DD ndiyo inayowatisha watu, kwa kuwa aghalabu ni maelfu ya dola. Hiyo ni gharama ya bima ya afya iliyopatikana kupitia kazini, sehemu ya mwajiri pamoja na ya mfanyakazi. Imeandikwa kwa taarifa tu, kufuatana na sheria ya afya ya mwaka 2010. Haitozwi kodi, wala mtu asiijumlishe kwenye mshahara wake. W ni akaunti ya akiba ya matibabu, na mwenye herufi hiyo ana fomu nyingine ya kujaza, nambari 8889.

D ndiyo ya kukaliwa kitako. Hiyo ni sehemu ya mshahara ambayo mfanyakazi ameiweka akiba ya uzeeni katika mpango wa 401(k), jina lililotokana na kifungu cha sheria ya kodi. Kwa ajili yake mshahara wa kisanduku cha 1 huwa mdogo kuliko wa kisanduku cha 5, wala si kosa la mhasibu. AA ni akiba kama hiyo, ila imekwishatozwa kodi. Kiasi kinachoonekana ni cha mwaka huo peke yake. Hakionyeshi jumla iliyokusanyika, wala alichoongeza mwajiri.

Sasa mtu hufanya kazi ghalani miaka mitatu, akahamia kiwandani, kisha hospitalini. Akiba yake mara nyingi hubaki kule kule alikoiacha. Akifariki, atakayewajulisha jamaa ni nani? Ni zile W-2 za zamani, zenye herufi D na anwani ya kila mwajiri. Katika mipango mingi ya 401(k), mume au mke aliyebaki ndiye mwenye haki ya kwanza, isipokuwa aliridhia mwingine kwa saini yake. Lakini majimbo mengi hayaitambui ndoa iliyofungwa huko msikitini bila leseni ya serikali. Mke wa ndoa ya namna hiyo anaweza kukaa eda huku mali ikienda kwingine.

Ipo pia C. Huonekana pale mwajiri anapomkatia mfanyakazi bima ya maisha inayozidi dola 50,000, kwa kuwa gharama ya ziada hutozwa kodi. Hukumu ya bima hiyo waulizwe masheikh. Hapa nasema habari ya karatasi. Kukosekana kwa C si dalili kwamba bima haipo, huenda iko chini ya kiwango hicho.

Mwenye kazi aombe ofisini kuona jina la mpokeaji aliyemwandikisha, kwani jina hilo kwa kawaida hutangulia wasia, na anayetaka mali igawanywe kwa mirathi ya sharia lazima alijue hilo angali hai. Aliyepoteza fomu zake za nyuma anaweza kuomba muhtasari wa mapato kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ambayo huutoa kwa takriban miaka 10 iliyopita.