Ramani na Mazoea: Jinsi Ubongo Uchaguavyo Njia

Dereva wa lori atokaye Tanzania kwenda Rwanda huendesha upande wa kushoto mpaka mpakani Rusumo. Akishavuka daraja la mto Kagera hana budi kuhamia upande wa kulia, kwa kuwa ndivyo isemavyo sheria ya Rwanda. Akiwa nyuma ya usukani, mbele na nyuma yake kukiwa na malori mengine yaendayo vivyo hivyo, badiliko hilo huenda lisimsumbue sana. Taabu humngojea ashukapo na kutaka kuvuka barabara kwa miguu. Shingo hugeuka kulia kwanza, kama ilivyozoea nyumbani, ilhali gari lililo karibu naye zaidi linatoka kushoto. Mwandishi wa makala haya aliponea chupuchupu kwa kosa hilohilo katika mji mmoja wa Marekani, naye alikuwa mwanafunzi aliyekwisha kaa huko miezi 7 na aliyeijua vema sheria ya barabara za huko. Ikiwa aliijua, ni nini basi kilichoigeuza shingo yake upande usiofaa?

Jibu la swali hili lilianza kutafutwa kwa panya. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, wanasaikolojia wengi wa Marekani walishikilia kwamba mnyama ajifunzapo njia hajifunzi ila mfululizo wa vitendo: hapa pinda kulia, pale pinda kushoto. Edward Tolman, wa Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley, hakuridhika na maelezo hayo. Katika makala aliyoitoa mwaka 1948 alieleza kwamba panya hujijengea akilini kitu mfano wa ramani, na kwamba huitumia ramani hiyo kuchagua njia hata pale ambapo hajapata kupita. Mabishano yakadumu miaka mingi, maana kila upande uliweza kutaja majaribio yaliyouunga mkono.

Jaribio moja lililotumika katika mabishano hayo ni jepesi, hata msomaji aweza kulichora mchangani kwa kijiti. Chora njia mbili zikatazo msalaba. Kila siku panya huwekwa mwisho wa njia ya kusini, na chakula huwekwa mwisho wa njia ya magharibi. Hivyo afikapo njia panda hupinda kushoto. Baada ya mazoezi ya siku kadhaa huanzishwa upande wa kaskazini badala ya kusini. Ikiwa alichojifunza ni mahali, atakwenda magharibi, ingawa safari hii itambidi apinde kulia. Ikiwa alichojifunza ni kitendo, atapinda kushoto kama kawaida yake na kuishia mashariki, pasipo na chakula.

Mwaka 1996 Mark Packard na James McGaugh walitangaza matokeo ambayo kwa maoni yangu ni miongoni mwa yale mazuri kabisa katika elimu ya ubongo, kwa sababu yaliwapa haki wabishani wote wawili. Walipowapima panya wao siku ya 8, wengi walikwenda mahali penye chakula. Walipowapima tena siku ya 16, baada ya mazoezi zaidi, wengi walifuata kitendo. Mwanzo ramani ndiyo iliyotawala. Baadaye mazoea yakashika usukani.

Lakini hawakuishia hapo. Ubavuni mwa ubongo, kwa ndani, kila upande una sehemu iliyopindika iitwayo hipokampasi, jina litokanalo na neno la Kiyunani la samaki yule mdogo mwenye kichwa kama cha farasi. Karibu zaidi na kitovu cha ubongo kuna sehemu nyingine, kaudeti, ishirikianayo na zile zitawalazo mienendo ya viungo. Wataalamu hao walitia dawa ya ganzi kidogo katika sehemu moja au nyingine kabla ya kipimo. Siku ya 8, hipokampasi ilipotiwa ganzi, panya hawakuonyesha tena kupendelea mahali wala kitendo. Kaudeti ilipotiwa ganzi, hawakubadilika. Siku ya 16 mambo yalikuwa kinyume. Kutia ganzi hipokampasi hakukuzuia mazoea, bali kaudeti ilipolazwa, panya walirudi kwenda magharibi kulikokuwa na chakula. Ramani haikuwa imefutika. Ilikuwapo muda wote, ila haikusikilizwa.

Ramani yenyewe imekwisha kuonekana, kwa namna fulani. Mwaka 1971 John O'Keefe na Jonathan Dostrovsky, huko London, walitoa habari za chembe za hipokampasi ambazo kila moja hutoa ishara panya awapo mahali fulani. Mwaka 2005 May-Britt na Edvard Moser, pamoja na wenzao huko Norway, wakaeleza juu ya chembe za sehemu jirani zilizopima nafasi kama mistari ya daftari la hesabu. O'Keefe na Moser hao wawili walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Jambo linalotuhusu zaidi lilitangazwa mwaka 2007 na Adam Johnson na David Redish wa Minnesota: panya asimamapo njia panda akisitasita, chembe zake za mahali huanza kutoa ishara za sehemu zilizo mbele yake, kwanza njia hii, kisha ile, naye hajainua mguu.

Kusitasita huko kunagharimu muda, na hapo ndipo faida ya mazoea ilipo. Mtu aendaye kazini kila siku hana haja ya kuipima upya kila kona; miguu hupita yenyewe, akili ikawaza mengine. Ndiyo sababu mtu aliyenuia kupitia duka la dawa hujikuta amefika nyumbani mikono mitupu. Majaribio ya panya na ya watu yameonyesha pia kwamba hofu na mfadhaiko huelekea kuyapa mazoea nguvu juu ya ramani. Mwanafunzi yule wa Marekani, sharti niseme, alikuwa amechelewa mtihani.

Katika ugonjwa wa Alzheimer, hipokampasi na sehemu jirani yake ni miongoni mwa zile zinazodhurika mapema. Mzee aweza kwenda msikitini au kanisani kwa njia aliyoipita miaka 40 bila kukosea, na jamaa zake wasitambue lolote. Siku barabara ifungwapo kwa matengenezo naye akaambiwa azungukie mtaa wa pili, hapo ndipo hupotea, akiwa hatua chache tu kutoka mlangoni pake.