KUOMBA MUDA WA KULIPA DENI LA KODI

Mavuno yapunguapo, au malipo ya kahawa yanapochelewa, chama huweza kujikuta kinadaiwa kodi ilhali hakina fedha. Wako makatibu ambao hapo huzifungia barua za Kamishna wa kodi katika mtoto wa meza. Jambo hilo ni la hatari. Kwa mujibu wa Sheria ya Taratibu za Kodi ya Kenya ya mwaka 2015, Kamishna huweza kuiagiza benki ya mdaiwa, au mnunuzi wa mazao yake, impelekee yeye fedha za mdaiwa huyo. Fedha hizo huenda ndizo wanachama walizokuwa wakizingojea kwa karo ya watoto.

Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 33, inaruhusu mlipa kodi aliyebanwa aombe kuongezewa muda, au alipe kwa mafungu. Katibu na ayazingatie haya:

(a) Ombi lipelekwe kwa maandishi, nalo lieleze sababu ya kutosha. Ni vyema kuambatisha hesabu za chama, taarifa ya benki na uamuzi wa kamati. Kamishna hutakiwa kutoa jibu katika siku 30 tangu alipolipokea ombi.

(b) Muda si msamaha. Riba huhesabiwa tangu tarehe ya kwanza ya kulipa, hata kama ombi limekubaliwa. Riba hiyo ni asilimia 1 kwa mwezi, mbali na adhabu ya kuchelewa.

(c) Fungu moja likikosekana, baki yote ya deni hudaiwa mara moja.

Tuchukue mfano wa chama kinachodaiwa kodi ya shilingi 600,000. Kikikaa miezi 12 bila kulipa chochote, riba itafika shilingi 72,000. Kikilipa shilingi 50,000 kila mwisho wa mwezi, riba ya mwaka huo itakuwa shilingi 39,000 tu, kwa kuwa deni linapungua kila mwezi.

Basi kamati isiahidi fungu kubwa ili kumpendeza ofisa wa kodi. Kwanza itazame ni miezi gani fedha za mazao huingia, na ni miezi gani sanduku huwa tupu, kisha iombe ratiba inayolingana na hali hiyo. Kodi iliyokatwa katika mishahara ya watumishi isitumiwe kamwe kwa shughuli za chama, maana hiyo si mali ya chama.

Wala si busara kungojea msamaha. Ule wa riba na adhabu uliotolewa kwa madeni ya hadi mwisho wa mwaka 2023 ulifungwa tarehe 30 Juni 2025.

Dawa ya deni ni kulipa. Asiyeweza kulipa leo, na aseme leo, tena kwa maandishi, na nakala ya barua yake ihifadhiwe katika jalada ili wanachama waione katika mkutano mkuu.