Nyuzi 720 za Kuficha

Chukua karatasi ya A4, ukate mraba wa sentimita 21, kisha utie nukta popote katikati yake. Kuizunguka nukta hiyo kuna pembe mraba nne, yaani nyuzi 360, na ndiyo maana karatasi inalala bapa mezani. Sasa chukua boksi la chaki, au boksi lolote lililo karibu, uitazame kona yake moja. Hapo zinakutana nyuso tatu, kila moja na pembe mraba yake: nyuzi 270. Anayetaka kuigeuza karatasi ile iwe kona ile ana nyuzi 90 za ziada, na lazima azipeleke mahali.

Mtengeneza maboksi huzikata. Muuza karanga anayeviringisha kipande cha gazeti kuwa umbo la pia huzilaza juu ya nyingine, na ukikunjua gazeti lake utaona ni eneo gani lilikuwa limefunikwa. Mkunjaji wa origami, sanaa ya Kijapani ya kukunja karatasi, kwa kawaida hatumii mkasi wala gundi. Anazikunja nyuzi hizo na kuzichomeka ndani, nyuma ya uso unaoonekana. Watu wengi hudhani kwamba ugumu wa maumbo yenye ujazo uko katika wingi wa mikunjo. Sivyo. Mkunjo mmoja mmoja hata mtoto wa darasa la pili anauweza. Kazi iko katika kujua ni nyuzi ngapi zifichwe, na zifichwe wapi.

Idadi hiyo inajulikana, na kwangu ni mojawapo ya matokeo mazuri kabisa ya jometri. Chukua mchemraba: kona 8, kila moja imepungukiwa nyuzi 90, jumla 720. Chukua piramidi yenye nyuso nne za pembetatu sawa: kila kona hukutanisha pembe tatu za nyuzi 60, kwa hiyo imepungukiwa nyuzi 180, na kona ziko nne. Tena 720. Chukua mpira wa miguu wa mtindo ule uliotumika katika Kombe la Dunia la 1970 kule Mexico, wenye vipande 12 vyeusi vya pembetano na 20 vyeupe vya pembesita. Ukiutengeneza kwa vipande bapa utapata kona 60, na katika kila kona hukutana pembetano moja na pembesita mbili: 108 na 120 na 120, jumla 348. Pengo ni nyuzi 12 tu, dogo kiasi kwamba jicho halilioni. Zidisha kwa 60, na 720 hiyo hapo.

Kanuni hii aliiandika René Descartes karibu na mwaka 1630 bila kuichapisha. Alifariki Sweden mwaka 1650, na nyaraka zake ziliporudishwa Ufaransa, sanduku lilizama katika mto Seine. Karatasi ziliopolewa zikiwa zimelowa, zikaanikwa. Mwaka 1676, akiwa Paris, Gottfried Leibniz alinakili sehemu yake kwa mkono. Maandishi yenyewe ya Descartes yakapotea baadaye, na nakala ya Leibniz ilikuja kugunduliwa karne ya 19. Leo tunayasoma mawazo hayo kwa sababu msomaji mmoja alikaa chini akanakili.

Kanuni ina sharti lake: umbo liwe limefungwa pande zote na lisiwe na tundu la kupita katikati kama la pete. Likiwa na tundu hilo moja, jumla inakuwa sifuri. Kwa maumbo yote yanayotimiza sharti ni 720, hata kwa tufe lisilo na kona yoyote. Kwenye tufe zile nyuzi zimesambaa sawasawa juu ya uso mzima, na Carl Friedrich Gauss alionyesha mwaka 1827 kwamba mpindo wa namna hiyo hauwezi kupatikana kwa kukunja tu bila kuvuta au kurarua. Karatasi kavu hainyumbuki. Inakubali kuwa pia au mcheduara, lakini tufe halisi inalikataa. Hii ndiyo sababu kila "mpira" wa origami, ukiutazama kwa karibu, una kona nyingi au mikunjo midogo midogo iliyokaribiana: mkunjaji amezikusanya nyuzi 720 mahali palipokubali kuzibeba.

Kwa anayeanza, umbo la zamani la puto linafundisha jambo hili vizuri. Ni mraba mmoja unaokunjwa bapa, ndimi zake huchomekwa pembeni, kisha unapuliza hewa kwenye tundu la chini na mchemraba unajitokeza wenyewe. Kwa karatasi ya sentimita 20 unapata mchemraba wenye ukingo wa sentimita 5. Nyuso zake sita zina jumla ya sentimita za mraba 150, wakati karatasi ilikuwa na 400. Zaidi ya nusu imeingia ndani, na ndiyo inayolishika umbo lisifunguke.

Lakini umbo ninalolipenda zaidi kufundishia ni lile la vipande vya Sonobe, linaloitwa kwa jina la Mjapani Mitsunobu Sonobe. Hapa hutumii karatasi moja bali kadhaa, zote zikiwa zimekunjwa kwa namna moja, kisha unazichomeka bila gundi. Kunja mraba katikati, ukunjue. Leta ukingo wa kushoto na wa kulia hadi kwenye mstari wa katikati, ukunjue tena. Sasa una mistari mitatu. Kunja kona ya juu kushoto iwe pembetatu ndogo inayogusa mstari wa karibu, na kona ya chini kulia vivyo hivyo. Rudisha kingo mbili katikati. Umebaki na utepe ambao urefu wake ni mara mbili ya upana. Ipeleke kona ya juu kulia hadi ukingo wa kushoto, kisha uichomeke chini ya tabaka la kushoto. Ya chini kushoto ipeleke kulia, uichomeke chini ya tabaka la kulia. Geuza upande laini uwe juu, kisha kunja zile ncha mbili kali hadi ubaki mraba katikati. Ukiachia, utaona mraba huo una ndimi mbili, na upande wa pili una mifuko miwili.

Ulimi wa kipande kimoja huingia katika mfuko wa kingine, na vipande vitatu vikizungukana vinafanya kona moja ya nyuzi 270. Sita vinafunga mchemraba. Sharti ni kwamba vyote vikunjwe kwa mwelekeo mmoja. Kipande kilichoanzia kona ya juu kulia kitaonekana sawa kabisa mezani, lakini ulimi wake hautaupata mfuko. Darasani nimeona watoto wakilaumu karatasi, wakilaumu vidole, kumbe vipande viwili kati ya sita vimegeuzwa kama sura ndani ya kioo. Mwalimu akikagua jambo hili kwanza ataokoa nusu ya kipindi.

Mraba wa sentimita 20 unatoa ukingo wa takriban sentimita 7. Karatasi sita zina sentimita za mraba 2,400. Nyuso za mchemraba zina 300. Sehemu moja tu kati ya nane inaonekana. Saba zimo ndani, na ni hizo zinazoufanya mchemraba usimame imara hata ukibebeshwa kitabu.

Raha yenyewe inakuja ukiongeza vipande. Katika kila kipande ongeza mkunjo mmoja kwenye ulalo wa ule mraba, kisha unganisha tena vitatu vitatu. Kila kikundi kitainuka kuwa piramidi fupi yenye pembe mraba tatu kileleni. Kwa vipande 12 unapata nyota yenye vilele vinane. Vilele hivyo vimepungukiwa nyuzi 90 kila kimoja, na tayari 720 zimetimia. Je, zile kona sita za chini, pale piramidi nne zinapokutana? Kila piramidi inaleta pembe mbili za nyuzi 45, kwa hiyo kuna pembe nane, jumla 360. Hakuna pengo lolote. Hesabu inafunga bila kubakiza kitu.

Kwa vipande 30 unapata nyota kubwa yenye vilele 20, na hapo mwanafunzi makini atashtuka, kwa sababu 20 mara 90 ni 1,800. Amekosea wapi? Hajakosea. Katika kona 12 za chini zinakutana piramidi tano, na pembe zao ni nyuzi 450, yaani 90 zaidi ya zile zinazoweza kukaa bapa. Kona hizo zina ziada badala ya pengo. Ziada 12 za nyuzi 90 ni 1,080. Toa katika 1,800 na unarudi kwenye 720. Bonde linalipa deni la kilele. Kuzunguka nukta moja ya karatasi hakuna zaidi ya nyuzi 360, kwa hiyo bonde la namna hii linahitaji karatasi iletwe kutoka mahali pengine, na vipande vya Sonobe vinaileta kwa urahisi wa ajabu.

Kuhusu karatasi yenyewe, ile ya ofisini ya gramu 80 inatosha kabisa kwa vipande hivi. Mkunjo hudumu kwa sababu nyuzinyuzi za mti zilizomo ndani zimepindwa kupita kiwango cha kurudi, basi pitisha ukucha mara moja kwa nguvu badala ya mara tano kwa woga. Karatasi nene haifai kwa Sonobe, ila ina heshima yake kwingine. Mkunjaji wa origami Akira Yoshizawa, aliyezaliwa mwaka 1911 na kufariki mwaka 2005, aliilowesha kidogo kabla ya kuikunja. Maji hulainisha gundi iliyowekwa kiwandani, karatasi inakubali mipindo ya taratibu, na ikikauka inakuwa ngumu. Umaarufu wake nchini Japani ulianza mwaka 1952, jarida la Asahi Graph lilipochapisha wanyama wake 12 wa kalenda ya Kichina. Wanyama wake wana mashavu na migongo ya mviringo inayoonekana kupumua. Kabla yake watu wengi waliiona origami kuwa mchezo wa watoto tu.

Na karatasi moja ina mpaka gani? Mwaka 1999 Erik Demaine, baba yake Martin Demaine na Joseph Mitchell walithibitisha kwamba umbo lolote lenye nyuso bapa linaweza kukunjwa kutokana na mraba mmoja, alimradi mraba uwe mkubwa vya kutosha. Njia yao ilikuwa ya kuzungushia umbo utepe mwembamba, na ilipoteza karatasi nyingi mno. Mwaka 2017 Demaine na Tomohiro Tachi walichapisha njia bora zaidi: nyuso za umbo hupangwa juu ya karatasi zikiachiana nafasi, na kila nafasi inakokotolewa ikunjwe wapi ili iingie ndani bila kugongana na jirani yake. Kwa programu ya namna hiyo Tachi amekunja sungura mzima kutokana na karatasi moja.

Mwenye vidole vya subira na rimu ya karatasi anaweza kujaribu vipande 90 vya Sonobe. Vinatoa vilele 60, mabonde 12 ya piramidi tano na mabonde 20 ya piramidi sita. Fanya hesabu ya pembe kabla ya kukunja kipande cha kwanza.