Kiwanja Kikienda, Watoto Watacheza Wapi?

Jioni watoto wetu wa Tanga hukimbilia Tangamano au Bustani ya Jamhuri, bila kiingilio. Klabu za kuogelea za Raskazone ni nzuri, lakini huko sharti ulipe.

Je, eneo la wazi likikatwa kwa ajili ya wenye fedha? Jirani zetu yaliwafika. Mwaka 1989 chama tawala cha Kenya, KANU, kilitaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru, Nairobi. Profesa Wangari Maathai, mama wa watoto watatu, akashika kalamu. Aliandika barua kwa wakubwa serikalini na kwa mabalozi. Bungeni walimcheka, wakamtajia hata ndoa yake iliyovunjika (ndoa na bustani vinahusiana nini?). Chama chake kikatolewa katika ofisi za serikali. Hakuacha. Wafadhili wa nje wakasita, na mwaka 1990 mradi ukafa.

Mimi ni muuguzi. Mtoto aliyeanguka mwembeni tunamfunga plasta, anapona. Aliyegongwa akicheza barabarani ndiye anayenitoa machozi. Kwa hiyo mkiona kiwanja cha mtaa wenu kinapimwa, nendeni wawili watatu kwa mtendaji mkamwulize: kinapimwa kwa ajili ya nani?