Hereni Yangu Haina Mhuri, na Sheria Inaruhusu

Jumamosi sokoni hapa Birmingham, mteja mmoja aliigeuzageuza hereni yangu akitafuta mhuri. Alipoukosa, akairudisha mezani kwa ncha za vidole na kuniambia basi si fedha. Nimekereka, na naandika kwa ajili ya kila anayekunja waya jikoni kwake na kuuza: usikubali kunyamazishwa.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1973 inataka kitu kinachouzwa kwa jina la fedha kipimwe na kugongwa mhuri na ofisi maalumu. Ziko nne, kila moja na alama yake: London kichwa cha chui, Edinburgh ngome, Sheffield waridi, na Birmingham, iliyo mbali na bahari, nanga! Ofisi yetu hii ipo tangu 1773. Lakini sheria hiyohiyo inasema fedha isiyofika gramu 7.78 si lazima igongwe mhuri, mradi iwe fedha kweli. Hereni yangu moja haifiki hata gramu tatu. Kwetu Mombasa mteja angeiangalia kazi yenyewe, akavutana nami bei, tukaachana kwa wema.

Kuliko mhuri, swali la nikeli ndilo lenye maana kwa sikio. Madini hayo huchujuka kwa jasho, na ngozi ikishayakataa huwasha na kutoa malengelenge. Ndiyo maana hapa kinachopita kwenye tundu la sikio hakiruhusiwi kutoa nikeli zaidi ya mikrogramu 0.2 kwa sentimita moja ya mraba kwa wiki. Kwa hiyo hata hereni ikiwa ya shaba, ndoano yake naikunja kwa waya wa fedha ya 925, unene wa milimita 0.8. Nikishaikunja naigonga taratibu kwa nyundo juu ya chuma, ikakamae isipanuke. Koleo likikata waya huacha ukingo mkali. Naupiga tupa hadi uwe mviringo, kisha msasa, kuanzia wa kukwaruza hadi ulio laini.

Mkaguzi wangu ni binti yangu. Hupitisha ncha ya ndoano shavuni; ikikwaruza, ananirudishia. Masikitiko yake ni kwamba shuleni hawezi kuvaa hereni zangu. Huko ni vipini tu, na siku ya michezo avivue au avibandike plasta. Niliitwa hata kuulizwa kwa nini alitobolewa masikio akiwa mchanga. Nilijibu kwa heshima kwamba bibi yake alitimiza wajibu wake. Mtoto alirudi nyumbani kimya, akavaa zile ndefu za shaba, akala chakula cha jioni nazo, na kakaye akamwambia amependeza.

Ukinunua hereni ya waya, kwangu au kwa mwingine, gusa ncha ya ndoano na uulize ni ya madini gani. Majibu hayo mawili ndiyo yatakayolinda sikio lako.