Chandarua Mwilini: Utata wa Neno 'Dawa'

Katika Kwale, chandarua chenye dawa ni kinga mashuhuri dhidi ya malaria. Je, kitambaa kama hicho chaweza kushonwa ndani ya mwili? Utafiti uliofanywa Uganda na kuchapishwa mwaka 2016 uliwahusu wanaume 302 wenye ngiri. Wavu wa bei nafuu, wa aina ya chandarua, ulifanya kazi sawa na ule wa kibiashara. Ieleweke kwamba haukutiwa dawa ya mbu: hiyo huua wadudu, si bakteria. Ulitakaswa kwanza, na matundu yake mapana huruhusu seli za kinga kupita. Basi wanaistilahi tutenganishe 'kiuawadudu' na 'kiuavijasumu'. Tukivichanganya, aumiaye ni mgonjwa.